Barua ya wazi kwa Kamishna Mkuu wa Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) kuhusu punguzo la malipo ya taslimu

Ndugu Kamishna Mkuu,

YAH: KUOMBA MWONGOZO WA KUONYESHA PUNGUZO LA BEI KATIKA RISITI NA RITANI (TAARIFA ZA KODI) ZA WAFANYABIASHARA WADOGO

Tafadhali rejea mada tajwa hapo juu. Kazi yangu ni kutunza vitabu vya hesabu vya maduka madogo ya vifaa vya ujenzi, biashara ambayo mali nyingi hutoka kwa mkopo na fedha hurudi kwa kusuasua. Muuza saruji na mabati anayetakiwa kumlipa msambazaji wake kabla ya kupewa mzigo mwingine yuko radhi kuachia asilimia tano ya bei leo, kuliko kumfuatilia mkandarasi kwa miezi mitatu. Punguzo la namna hiyo ni halali na lina sababu ya kibiashara. Nalitenga kabisa na ile bei nafuu anayotajiwa mteja baada ya kuulizwa kama anataka risiti au hataki, kwa kuwa hapo kinachopunguzwa ni kodi ya Serikali, na sina nia ya kumtetea anayefanya hivyo.

Ugumu unaanza kwenye kuandika. Mfanyabiashara akiuza mali ya shilingi 1,000,000 na kupokea 950,000 kwa sababu mteja amelipa mapema, wengi huingiza mauzo ya milioni moja kisha huandika 50,000 kama gharama. Kwa anayetozwa kodi kwa faida, njia hiyo haibadilishi kitu, maana faida inabaki ileile. Kwa mtu binafsi aliye katika mfumo wa makadirio, anayetozwa kwa kuangalia mauzo yake ya mwaka, mambo ni tofauti kabisa: mfumo huo haumpi nafasi ya kutoa gharama, hivyo analipa kodi kwa fedha ambazo hazijawahi kuingia mkononi mwake. Tena ukomo wa mfumo huo ni mauzo ya shilingi milioni 100 kwa mwaka. Mwenye duka aliyeuza kwa bei ya orodha mali ya milioni 102 na kusamehe milioni 4 amepokea milioni 98, lakini kitabu kilichoandikwa kwa mtindo huo kitamwonyesha kuwa amevuka ukomo na anapaswa kuandaa hesabu kamili. Viwango vya kimataifa vya hesabu kwa biashara ndogo na za kati vinataka mapato yapimwe baada ya kuondoa punguzo la kulipa mapema, na naamini huo ndio msimamo unaofaa kwa mlipakodi mdogo pia.

Kwa waliosajiliwa katika kodi ya ongezeko la thamani (VAT), sheria inatambua punguzo linalotolewa wakati wa mauzo na inaruhusu marekebisho bei inapobadilika baadaye. Mali ya 1,000,000 ikiongezwa asilimia 18 inakuwa 1,180,000. Mnunuzi aliyesajiliwa akipewa asilimia tano atalipa 1,121,000, ambamo VAT ni 171,000 badala ya 180,000. Ikiwa punguzo limetolewa papo hapo, risiti ya EFD (mashine ya kielektroniki ya kutolea risiti) ionyeshe bei, punguzo na kiasi kilicholipwa, basi. Kazi ipo pale risiti ilipotoka tarehe 5 na mteja akastahili punguzo tarehe 25, kwa kuwa risiti iliyokwisha kutoka haifutiki. Muuzaji anatakiwa kupunguza 9,000 upande wake, na mnunuzi naye apunguze 9,000 katika kodi anayodai kurejeshewa. Mmoja akifanya na mwingine asifanye, hesabu zao zitagongana, na mkaguzi hana budi kuuliza.

Naomba, Ndugu Kamishna Mkuu, utoe mwongozo mfupi wa Kiswahili unaoeleza kwamba mauzo ya mlipakodi wa makadirio ni yale yaliyobaki baada ya punguzo lenye ushahidi, na kutaja ushahidi huo ni upi: nadhani ankara iliyoandikwa masharti ya punguzo, pamoja na risiti ya benki au ujumbe wa malipo ya simu, vinatosha. Naomba pia mwongozo huo uwe na mfano mmoja wa hati ya marekebisho (hati ya kurekebisha VAT baada ya bei kupungua) iliyojazwa, kwa tarakimu, ukionyesha inavyoingia katika ritani ya muuzaji na ya mnunuzi. Mfano huo ubandikwe katika ofisi za mikoa na wilaya, maana wenye maduka wengi huenda huko wenyewe, bila mhasibu.

Naomba kuwasilisha.

Mtunza vitabu vya hesabu,
Dar es Salaam