Bei zinapanda, tusilaumu wafanyabiashara tu

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo. Kila mfumuko wa bei ukipanda kwenye hizi nchi zinazoinukia watu wanakimbilia kusema wafanyabiashara wana tamaa, sawa wapo wa hivyo, lakini mi naona tunaiacha dola ya Marekani pembeni na ndo kubwa lao. Chukua mtu anaagiza kontena la ngano, bei ya kule nje haijaongezeka hata senti, ila sarafu ya kwao imeshuka dhidi ya dola, basi anatoa hela nyingi zaidi kwa mzigo ule ule na hiyo tofauti inaishia kwa mlaji. Na 2022 vilikuja vyote kwa pamoja, vita ya Ukraine ikapandisha mafuta, ngano na mbolea, huku Marekani inapandisha riba toka karibu na sifuri, wawekezaji wakahamishia hela zao huko, sarafu za wengine zikalegea.

Halafu kuna makosa ya nyumbani, hapo ndo panauma. Uturuki walishusha riba, kukopa kukawa rahisi, wakati bei zinapaa, mfumuko ukafika asilimia 85 Oktoba 2022! Brazil wao walianza kupandisha riba mapema, Machi 2021, toka asilimia 2 mpaka 13.75, na 2023 mfumuko wao ukawa umeshashuka sana.

Anayeumia zaidi ni maskini jamani, maana sehemu kubwa ya kipato chake inaishia kwenye chakula. Serikali inayochapisha hela kuziba pengo la bajeti inazidi kupandisha bei, na inamuumiza huyo huyo.

Msomaji wenu