Barua ya wazi kwa mpwa wangu: usiwalaumu watazamaji, tazama chombo

Mpwa wangu,

Salamu kwanza. Unasema nyimbo zimekuwa fupi, wanasiasa wamegeuka wachekeshaji na watazamaji hawana tena subira. Mawili ya mwanzo nakubali. La tatu nalikataa, maana watu haohao usiku wanakaa saa tatu nzima wakisikiliza podikasti ya watu wawili wanaopiga soga. Subira ipo. Kilichobadilika ni chombo, na kila chombo kina kipimo chake. Anayetaka kupita ndani yake hujikata au hujinyoosha mpaka aenee.

Chukua santuri. Ile ya inchi 10, iliyozunguka mara 78 kwa dakika, ilibeba kama dakika tatu kila upande. Mwanamuziki aliyezoea kuupiga wimbo mmoja robo saa ukumbini, akifika studio alikata beti, kwa sababu sindano ikishafika katikati haina tena pa kwenda. Mwaka 1948 kampuni ya muziki ya Columbia ilitoa santuri ndefu iliyobeba zaidi ya dakika 20 kwa upande, lakini masikio yalikwisha kuzoea dakika tatu, na redio vilevile.

Leo hakuna sindano, kuna hesabu. Spotify, jukwaa la kusikilizia muziki mtandaoni, huhesabu kwamba wimbo umesikilizwa ukifikisha sekunde 30. Mtunzi anayeanza na ala tupu kwa sekunde 40 anacheza kamari: msikilizaji akiruka mapema, hajahesabiwa. Ndiyo maana sauti ya mwimbaji inaingia haraka, na mara nyingine kiitikio kinautangulia ubeti. YouTube ikavuta upande wa pili. Tangu 2012 ilianza kuthamini muda wa kutazama kuliko idadi ya waliobofya, na kwa miaka kadhaa video ilibidi ifike dakika 10 ndipo iwekewe matangazo katikati. Mwaka 2020 kiwango kikashushwa hadi dakika 8. Kwa hiyo ukimwona mtu anaeleza namna ya kubadili balbu kwa dakika 8 na sekunde 10, usimwite domo kaya. Anakitafuta kiwango cha matangazo.

Siasa nayo ni hivyohivyo. Kabla ya kipaza sauti, mhutubu alitegemea mapafu na mikono. Redio ikampa nafasi ya kuongea taratibu. Tarehe 12 Machi 1933 Rais Roosevelt wa Marekani aliwaeleza wananchi jinsi benki zinavyofanya kazi, chini ya robo saa, kwa sauti ya mtu aliyeketi sebuleni kwako; benki zilizokuwa zimefungwa zilipofunguliwa, watu wakaanza kuzirudisha fedha zao. Mpiga kelele wa uwanjani, ukimweka kwenye redio, anasikika kama anayegombeza watoto.

Kisha ikaja picha ya televisheni. Katika mdahalo wa 26 Septemba 1960 kati ya Nixon na Kennedy, wagombea urais wa Marekani, Nixon alikuwa hajapona sawasawa baada ya kulazwa kwa maambukizi ya goti. Suti yake ya kijivu ilimezwa na ukuta wa nyuma. Suti ya Kennedy, ya rangi iliyokoza, ilimchora wazi. Utasikia kwamba waliosikiliza redioni walimpa Nixon ushindi. Usiyabebe hayo kama msahafu, yanasimama juu ya kura moja ndogo ya maoni. Mimi napenda zaidi mdahalo wa 23 Septemba 1976 kule Philadelphia, kati ya Ford na Carter. Kifaa kidogo katika mtambo wa sauti kiliharibika, sauti ikakatika kwa dakika 27. Wagombea wawili wa urais wakabaki wamesimama, kila mmoja nyuma ya meza yake, bila hata kusemezana. Sauti haikuwapo, lakini kamera zilikuwa zinawaka.

Sasa njoo kwenye simu yako. Picha ya televisheni ina upana wa nukta (pikseli) 1920 na kimo cha 1080. Ukiikata iwe wima kwa uwiano wa 9:16 bila kupunguza kimo, upana unaobaki ni nukta 607 hivi, yaani chini ya theluthi. Mdahalo wa watu wawili hauenei humo. Unabaki uso mmoja. Mwuliza swali yuko nje, mpinzani aliyetikisa kichwa yuko nje, viti vitupu viko nje. Halafu video nyingi huanza kucheza bila sauti, kwa hiyo maneno yanaandikwa juu ya picha, na anayeyaandika ndiye anayeamua lipi liwe la manjano. Sentensi kuhusu bajeti inahitaji sentensi iliyoitangulia. Tusi halihitaji chochote. Mhariri mwenye sekunde 20 atachukua tusi, na mwanasiasa mwerevu atampa moja kila baada ya dakika chache. Huo ndio uchekeshaji unaoulalamikia.

Kabla hujasambaza kipande, fanya hivi. Kitazame mara ya kwanza bila sauti: kichwa kikiruka ghafla, pamekatwa hapo. Mara ya pili funga macho, usikilize kilicho nyuma ya maneno, feni au minong'ono ya watu; ikikatika katikati ya sentensi, maneno mawili yameunganishwa. Kisha piga picha ya skrini sehemu tatu tofauti, uzitafute mtandaoni kwa kutumia picha. Hapa wengi hukwama, kwa sababu maandishi yaliyobandikwa huichanganya mashine ya kutafutia, na wasambazaji hupenda kuigeuza video kushoto kulia ili isitambulike. Kata maandishi kwanza; ukikosa, igeuze picha kama kwenye kioo na ujaribu tena. Ukungu nao usiuchukulie kama ushahidi wa uzee. Kila video inapopakuliwa na kupakiwa upya inabanwa na kupoteza nukta, na ukungu huo huficha mishono.

Ukiipata video nzima, sikiliza dakika mbili kabla ya kipande na mbili baada yake. Anza na kile cha mdahalo ulichokisambaza wiki iliyopita. Nitumie kiungo cha mdahalo mzima pia, na uniandikie swali lililoulizwa lilikuwa lipi.

Mjomba wako