Taarifa ya mwenyekiti ya mwaka: hisabati na kompyuta tusizitenganishe

Ndugu wanachama, habari zenu popote mlipo. Nianze na ya haraka: vikao vya kila mwezi tumekaa vyote isipokuwa kile cha mwezi wa nne, mvua ilikata barabara. Ada wengi mmelipa, waliobaki mweka hazina anawapigia kwa zamu. Projekta imetengenezwa na inafanya kazi.

Sasa nikae kwenye lile lililotuchukua mwaka mzima, yaani hoja ya kugawa chama, walimu wa hisabati wawe na chao na wa kompyuta na chao. Waliotoa hoja wana nia njema kabisa na nawaheshimu, ila mimi sikubaliani nao na ndo maana niliomba mwaka huu tusome njia ya mtu mmoja tu, Donald Knuth, mwanasayansi wa kompyuta wa Marekani, tuone alianzia wapi mpaka akafika alipofika.

Huyu mzee kazaliwa Milwaukee, Marekani, mwaka 1938, baba yake mwalimu ambaye pia alikuwa na kazi ndogo ya uchapaji nyumbani. Mwaka 1956 akaingia chuo cha Case kule Cleveland kusoma fizikia, sio kompyuta. Kuna mwalimu akatoa swali gumu la hisabati akasema atakayelifumbua anapata A ya kozi nzima, na Knuth siku moja kaachwa na basi la bendi ya chuo, akabaki na muda, akakaa na lile swali mpaka likatoka, na baada ya hapo akahamia hisabati moja kwa moja. Usiku alikuwa anakesha kwenye mashine ya IBM 650, kompyuta ya zamani, kasoma kitabu chake cha maelekezo akaona programu zilizomo anaweza kuandika bora zaidi. Hata timu ya basketi ya chuo aliitungia fomula ya kupima mchango wa kila mchezaji, akaipitisha kwenye mashine hiyohiyo. Mwaka 1960 walimu wake wakakubaliana apewe digrii ya kwanza na ya pili kwa mpigo. Halafu chuo cha Caltech, California, udaktari wa hisabati 1963, akafundisha hisabati palepale mpaka 1968 akaenda chuo cha Stanford kufundisha sayansi ya kompyuta. Tuzo ya Turing, ile kubwa ya sayansi ya kompyuta, kaipata 1974. Sasa niambieni, kwenye njia hiyo mnakata wapi mseme hapa hisabati imeisha hapa kompyuta imeanza? Mimi nimetafuta sijapaona.

Kikao kilichonigusa kuliko vyote ni kile cha ukanda wa karatasi. Umeme ulikatika, tukaandika ubaoni kwa chaki kakakakakuona, yaani kaka na kakakuona bila kuacha nafasi, na kwenye ukanda tukaandika kakakuona, kazi ikawa kulitafuta neno hilo ndani ya yale ya ubaoni kwa kusogeza ukanda chini yake. Kwa njia ya kawaida ukanda unaanza mwanzo, herufi tano kakak zinakubali, ya sita ubao una a na ukanda una u, basi unasogeza hatua moja unaanza upya kulinganisha kila kitu. Mwalimu mmoja wa hisabati, mama ambaye hajawahi kuandika programu maishani, akasema ngoja kwanza, hizo tano tulizokwisha kuziona zinaishia na kak na neno lenyewe linaanza na kak, kwa nini tuziangalie tena? Akasogeza ukanda herufi mbili kwa mpigo, akaendelea pale alipoishia bila kurudi nyuma, ikakwama tena, akasogeza mbili nyingine, neno likakaa sawasawa. Chumba kizima kimya! Ile ndo mbinu ya kutafuta neno ndani ya maandishi, ya Knuth na wenzake Morris na Pratt, iliyochapishwa 1977, na Morris aliifikia akiandika programu ya kuhariri maandishi wakati Knuth aliifikia akitokea kwenye nadharia tupu. Milango miwili chumba kimoja, na yule mama kaingilia mlango wake mwenyewe tukimwona kwa macho.

Kingine tulichochukua kwake ni heshima kwa kosa. Yeye mpaka 2008 aliyemwonyesha kosa kwenye vitabu vyake alikuwa anamlipa dola 2.56, kwa sababu senti 256 kwa namba za msingi wa kumi na sita, yaani ukihesabu kwa makundi ya 16 badala ya 10, zinaandikwa 100. Sisi tumeanza kurusha shilingi 256 kwa simu kwa mwanachama anayekuta kosa kwenye mazoezi yetu, na tangu tuanze watu wanasoma kwa makini kweli, mazoezi yamekuwa masafi.

Mwaka ujao naomba tujifunze TeX, programu ya kupanga maandishi na fomula za hisabati kwa ajili ya kuchapa, aliyoanza kuitengeneza 1977 baada ya kuona kurasa za majaribio za kitabu chake zimetoka vibaya, na ilimla kama miaka kumi. Mitihani yetu mnaijua, sehemu kama nusu na robo zinavunjika, vipeo vinashuka chini, mtoto anasoma x mbili badala ya x kipeo cha pili anakosa alama ambayo ni haki yake. Hilo linaniuma sana. Mwenye laptop aje nayo kikao cha kwanza, asiye nayo atakaa na mwenzake.

Hoja ya kugawa chama itapigiwa kura mkutano mkuu, mimi yangu ni hapana na sababu nimezitoa. Usiyeweza kufika mpe katibu kura yako kabla ya siku hiyo.