Mpinzani wa mwisho wa bingwa awe yule anayedai zamu yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nichangie mjadala unaowagawa wapenzi wa ndondi kila bingwa wa uzito wa juu anapokaribia kutundika glovu: ni nani anayestahili kuwa mpinzani wake wa mwisho? Safari hii anayejadiliwa ni Oleksandr Usyk wa Ukraine, aliyezaliwa Januari 1987, ambaye mwaka 2024 alimshinda Tyson Fury mara mbili na Julai 2025 akammaliza Daniel Dubois katika raundi ya 5 pale Wembley. Wengi wanapendekeza atafutiwe mtu mwenye jina kubwa, hata akitoka katika mchezo mwingine, ili mkongwe aage kwa kishindo na kwa fedha nyingi. Mimi naona kwamba kabla ya kutaja jina lolote tunapaswa kwanza kuuliza kama bingwa huyo atapanda ulingoni akiwa bado anashikilia mkanda.

Bondia asiye na taji yuko huru kuaga na yeyote amtakaye. Julai 2002, Larry Holmes, akiwa na umri wa miaka 52, alifunga kazi yake kwa kumshinda kwa pointi Eric Esch, yule mtu mnene aliyejulikana kwa jina la Butterbean, na hakuna aliyedhulumiwa usiku ule isipokuwa labda mtazamaji aliyelipa kiingilio akitarajia ndondi. Bingwa mwenye mkanda hana uhuru huo, kwa sababu anachokiweka rehani ni zamu ya watu wengine. Vyama vya WBC, WBA, IBF na WBO, vinavyotoa mikanda ya ubingwa wa dunia, vimeweka kanuni inayomtaka bingwa akutane na mpinzani wa lazima, yaani aliye mbele katika foleni ya kudai taji, ndani ya muda maalumu, na pande mbili zikishindwa kuelewana, mapromota huitwa kushindania pambano kwa zabuni. Kanuni hiyo ipo kwa kuwa bingwa anayeachiwa kuchagua peke yake, na hasa anayejua kwamba hatapigana tena, hana sababu ya kumtafuta mtu anayeweza kumvua taji.

Madhara ya kulegeza kanuni hiyo tumeyaona. Vitali Klitschko wa Ukraine, bingwa wa WBC, alipigana mara ya mwisho Septemba 2012 mjini Moscow, alipomshinda Manuel Charr kwa pambano kusimamishwa katika raundi ya 4. Aprili 2013, Bermane Stiverne alimshinda Chris Arreola na kuwa mpinzani wa lazima wa WBC, lakini bingwa aliandamwa na majeraha, kisha siasa za nchi yake zikamchukua, na taji hakuliachia hadi Desemba 2013. Stiverne alipata nafasi ya kuligombea Mei 2014, tena kwa kurudiana na Arreola yuleyule aliyekwisha kumshinda. Simlaumu Klitschko kwa kuumia wala kwa kuingia siasa, lakini zaidi ya mwaka mzima katika maisha ya bondia ni muda mrefu mno wa kumweka mtu mlangoni.

Klitschko huyohuyo, miaka 9 kabla, alikuwa upande wa pili wa jambo hili, na kisa hicho ndicho kinachonifundisha zaidi. Juni 2003 Lennox Lewis, bingwa wa WBC, alikuwa amepangiwa kupigana na Kirk Johnson mjini Los Angeles. Johnson aliumia mazoezini, na zikiwa zimesalia siku chache nafasi yake ikachukuliwa na Vitali Klitschko, ambaye tayari alikuwa apigane katika pambano la utangulizi usiku uleule, na ambaye alikuwa mbele kabisa katika foleni ya wanaolidai taji. Lewis, aliyepanda ulingoni akiwa na uzito mkubwa kuliko wakati wowote katika kazi yake, yapata kilo 116, angeweza kukataa na kusubiri. Alikubali. Kwa raundi 6 watu wale wawili walitwangana kwa namna ambayo uzito wa juu hauioni mara nyingi, na daktari aliposimamisha pambano kwa sababu ya michaniko mikubwa kwenye jicho la Klitschko, majaji wote watatu walikuwa wamempa Klitschko pointi 58 kwa 56, ingawa ushindi ulikwenda kwa Lewis. Lewis alitangaza kustaafu Februari 2004 bila kutoa pambano la marudiano, na hadi leo wapo wanaomnung'unikia kwa hilo. Hata hivyo, hakuna anayeweza kusema kwamba aliaga kwa kumpiga mtu wa kuokoteza, na hata wasiomtaja Lewis kwa wema hulitaja pambano lile.

Rocky Marciano naye alifunga kazi kwa Archie Moore, Septemba 1955, katika Yankee Stadium. Moore, bingwa wa dunia wa daraja lililo chini ya uzito wa juu, alikuwa amelidai pambano hilo hadharani kwa muda mrefu, na katika raundi ya 2 alimwangusha Marciano chini kabla ya kumalizwa katika ya 9. Mapambano 49 bila kushindwa yana uzito kwa sababu la 49 halikuwa la zawadi.

Najua pingamizi litakalotolewa, nalo ni la haki: bondia mwenye umri mkubwa akikutanishwa na kijana mwenye njaa anaweza kuumia vibaya. Tulimwona Muhammad Ali mbele ya Larry Holmes Oktoba 1980, alipopigwa hadi kona yake, yaani wasaidizi wake, ikamzuia asitoke kwa raundi ya 11. Lakini mwaka uliofuata, mjini Nassau, Ali alipambana na Trevor Berbick, ambaye wakati huo hakuwa amewahi kuwa bingwa wa dunia, na hata huyo alimshinda kwa pointi katika raundi 10. Mwili uliochoka hauponywi kwa kutafutiwa mpinzani mwepesi. Ikiwa madaktari na kona ya bingwa wanaona hawezi tena kumkabili anayestahili, dawa ni kustaafu mara moja.

Usyk mwenyewe, kwa maoni yangu, ameonyesha kwamba analielewa jambo hili. Novemba 2025 aliuachia mkanda wa WBO, ukaenda kwa Fabio Wardley, ambaye mwezi uliotangulia alikuwa amemsimamisha Joseph Parker jijini London. Kwa mikanda atakayobaki nayo, ningependa afanye vivyo hivyo au amkabili Agit Kabayel wa Ujerumani, aliyepata Februari 2025 mkanda wa muda wa WBC, ule wa anayesubiri kukutana na bingwa. Kabayel aliwasimamisha mfululizo Arslanbek Makhmudov, Frank Sanchez na Zhang Zhilei, watatu ambao mapromota wengi walikuwa wakiwakwepa, na ngumi zake za mbavuni zingekuwa mtihani halisi kwa bingwa anayeitegemea miguu yake. Pambano la tatu na Fury lingeuza tiketi nyingi zaidi, lakini swali lake limekwisha kujibiwa mara mbili.

Ombi langu kwa vyama vinne vya ngumi ni dogo. Bingwa anapotangaza kwamba pambano lijalo ni la mwisho, asipewe kibali cha kutetea taji kwa hiari dhidi ya mtu wa kuchaguliwa. Asaini mkataba na mpinzani wa lazima, au aukabidhi mkanda kabla ya kusaini mkataba mwingine wowote. Akishaukabidhi, apigane na amtakaye, nami nitakuwa miongoni mwa watakaokesha kumtazama.

Wako,
Msomaji na mpenzi wa ndondi