Mbona beringi zimekula hela kuliko rangi? Majibu kwa wenye matela ya boti hapa Kigoma

Swali hili haliishi. Mteja anakuja karakana kwetu kuchukua tela lake, anasoma bili, anaona habu (kitovu cha gurudumu kinachobeba beringi) na beringi zimeizidi rangi, na anaanza kuhisi amepigwa. Wengine wanatutajia bei waliyopewa mtaa wa pili: kukwangua kutu, rangi mikono miwili na kupampu grisi, kwa nusu ya hela yetu. Hatubishi, bei hiyo ipo. Ila kwa bei hiyo habu haifunguliwi, na habu ndiyo inayomlaza mtu njiani kati ya Uvinza na Kigoma akiwa na boti mgongoni.

Tela la boti si kama la kubebea matofali, maana hili linaingia majini. Gari limetoka Kasulu, habu zimepata moto, dereva ana haraka, anarudi kinyumenyume moja kwa moja ziwani hadi magurudumu yanazama. Maji ya juu ya Tanganyika huwa kama nyuzi 25 hadi 27. Hewa iliyo ndani ya habu inapoa ghafla, inasinyaa, na habu inavuta maji kupitia mdomo wa sili ya nyuma, ule mpira wa kuzuia maji yasiingie na grisi isitoke. Wateja hutuambia, "Lakini maji yetu hayana chumvi." Ni kweli, na chumvi ingeharakisha kutu, lakini beringi haihitaji chumvi ili iharibike. Tela likisimama uani miezi kadhaa na maji ndani ya habu, kutu inachora mistari kwenye vikombe (pete za chuma ambazo gololi za beringi hutembea juu yake), pale pale kila gololi ilipolala. Siku ya safari mistari hiyo inaanza kumeguka, beringi inapata moto, na grisi inayeyuka na kutoka.

Hapo ndipo njia ya mkato inapoingia: kupampu grisi kwa bunduki bila kufungua kitu. Kwanza, maji hayatoki, yanabaki humo na grisi inageuka rangi ya maziwa. Pili, ukizidisha kupampu, grisi inasukuma sili ya nyuma kutoka mahali pake, na kama tela lina breki za dramu, breki zinajaa mafuta. Tatu, grisi zote si moja. Ile ya lithiamu ikichanganywa na ile ya udongo wa bentonaiti, mara nyingi mchanganyiko unalainika na kuvuja. Ndiyo maana tunasafisha yote kwanza na kuweka aina moja, ya kuhimili maji.

Kazi yenyewe inakwenda hivi. Habu inatolewa na beringi zinaoshwa kwa mafuta ya taa. Hazikaushwi kwa kuzizungusha na upepo wa kompresa, maana gololi zinaweza kuruka. Tukiona vidoa, mistari au rangi ya bluu ya chuma kilichoungua, beringi inabadilishwa pamoja na kikombe chake. Hapa ndipo tunapobishana na wateja sana: wananunua beringi mpya na kutaka kikombe cha zamani kibaki kwa kuwa "bado kinang'aa". Gololi mpya zikitembea juu ya kikombe kilichomeguka, zinaharibika kama zile za zamani. Matela mengi ya Kimarekani yenye ekseli ya kubeba kama kilo 1,600 hutumia beringi namba L68149 kwa ndani na L44649 kwa nje, lakini usiende dukani kwa kukariri. Namba imeandikwa kwenye beringi yenyewe, na tela la kutoka Ulaya linaweza kuwa na saizi tofauti kabisa.

Kisha tunaangalia ncha ya ekseli pale mdomo wa sili unapokaa. Ukipitisha ukucha ukakwama kwenye mfereji, sili mpya itavuja kama ile uliyoitoa. Mfereji mdogo unasuguliwa kwa msasa laini, ulioingia ndani unavalishwa pete ya chuma. Sili moja haifiki bei ya chakula cha migebuka cha watu wawili, kwa hiyo mtu anayerudisha sili ya zamani ili kuokoa hela sisi hatumwelewi.

Grisi inasukumwa kwa kiganja hadi itokee upande wa pili wa gololi zote. Nati inakazwa huku gurudumu likizungushwa ili beringi zikae, halafu inalegezwa, inarudishwa kwa vidole tu, na inafungwa na spliti pini mpya, ile pini ya kuzuia nati isijifungue. Ukiikaza kwa nguvu za spana na kuiacha hivyo, beringi mpya inaungua kwenye safari ya kwanza.

Kabla ya habu huwa tunamaliza kuchomelea, na hilo lina sababu. Klipu ya ethi (waya wa kurudisha umeme) ya mashine ya kuchomelea ikibanwa kwenye rimu, umeme unapita katikati ya beringi na kuzichoma vidoa. Kuna tela lililetwa kwetu na beringi mpya zinazonguruma, na chanzo kilikuwa bamba lililochomelewa wiki ile ile.

Chasisi ya skwea paipu inaoza kuanzia ndani. Gonga kwa nyundo ndogo kote: chuma kizima kinalia, kilichooza kinatoa sauti butu. Tela moja la Kibirizi lilikuwa limepakwa rangi nzuri ya bluu, na chini ya rangi mlikuwa na puti iliyojazwa kwenye tundu la kuingiza vidole viwili. Puti haibebi boti. Tunakata mpaka kwenye chuma kizima, tunaweka bamba lenye ncha zilizochongoka, na hatupigi mstari wa kuchomelea unaokata mkono wa kuvutia (chuma cha mbele kinachofungwa kwenye gari) kwa upana, kwa kuwa ufa hupenda kuanzia hapo. Sehemu ya chini kabisa tunatoboa tundu la milimita 10 ili maji yatoke. Kama chuma kimechovywa zinki, zinki inasagwa kwanza, maana moshi wake unamtia fundi homa.

Taa: kila moja ipate waya wake wa ethi, usitegemee chasisi. Tairi: soma tarakimu nne za mwisho ubavuni. 2317 ni wiki ya 23 ya mwaka 2017, na tairi hiyo imezeeka, hata kama ina kashata nzima hatuifungi. Kikombe cha kuvutia cha tela (si kile cha beringi) cha milimita 50 kisilazimishwe kwenye kichwa cha mviringo cha gari cha inchi mbili. Ni tofauti ya chini ya milimita moja, lakini kinaweza kukataa kujifunga sawasawa.

Sasa, hela kidogo ibanwe wapi? Kwenye rangi. Brashi ya waya, msasa, praima ya kuzuia kutu na rangi ya brashi unaweza kupaka mwenyewe nyumbani, na hatununi. Mbao za kulalia boti pia: mninga mkavu unatosha miaka mingi, hauhitaji mbao za kuagiza. Vichwa vya skrubu vizame ndani ya mbao, kisha funika kwa zulia kuukuu, vinginevyo vitachana tumbo la boti. Winchi ikiwa na meno mazima, badilisha mkanda tu.

Beringi, vikombe na sili tulizotoa tunakukabidhi kwenye mfuko. Zishike juani, zungusha, pitisha ukucha, kisha ndiyo tuzungumze bili. Ukitembea kilomita 50 za kwanza, rudi tukaze nati za magurudumu na za springi, hatuchaji. Na ukifika ziwani, shika habu kwa mkono kabla ya kurudi kinyumenyume. Kama bado ina moto, subiri ipoe.