Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Tanga: mita 60 za Mto Zigi hazikukataza miguu

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

Kiti chako kinastahili shikamoo na ningeitoa, ila nimeshatimiza miaka 67 na wajukuu wangu watanicheka. Basi pokea salamu za asubuhi kutoka Muheza, ambako machungwa yameiva na kila kona ya stendi kuna tenga.

Nakuandikia habari ya njia ya miguu, ambayo watu wanazuiwa kuipita kwa madai ya sheria ya mita 60 kutoka mtoni. Mezani kwako kuna bandari, kuna bomba la mafuta linalokuja Chongoleani, kuna mkonge. Njia yenye upana wa mtu mmoja na kuni zake kichwani haiwezi kugombea nafasi na mambo hayo. Lakini njia hii inafuata Mto Zigi, na Zigi ndio unaojaza bwawa la Mabayani, na maji ya Mabayani ndiyo yanayofika kwenye mabomba ya Tanga mjini. Ukinawa uso asubuhi, umeshagusa habari yangu.

Kijijini kwetu, miaka ya utoto wangu, tulilima mpaka ukingoni mwa mto. Magimbi, miwa, migomba, mpunga kidogo pale panapotuama. Udongo wa pale ulikuwa mtamu na hakuna aliyeona kosa. Kosa lilijionyesha lenyewe: kila masika mto ulikula kingo, mwaka huu hatua tatu, mwaka ujao mgomba mzima na mkungu wake. Maji yakawa rangi ya chai ya maziwa hata kiangazi. Mwishowe mkutano mkuu wa kijiji ukakaa chini ya mwembe, watu wakazozana kutwa nzima, ikaamuliwa ukanda wa kando ya mto uachwe upumue. Marehemu mjomba wangu alikuwa na shamba zuri kuliko yote pale. Alinuna masika mbili, haji hata msibani. Masika ya tatu akaja mwenyewe na miche ya mikuyu.

Nayasimulia haya ili uelewe kwamba ukanda ule haukuhifadhiwa na mradi wala na mgeni. Waliouhifadhi ni watu walioachia chakula chao. Leo mikuyu imekutana juu ya maji, hondohondo wanapiga kelele zao kama punda mwenye mafua, mbega wameshuka kutoka milimani. Na katikati ya yote hayo inapita njia. Haikuchorwa na mtu. Ni ya wanawake wa kuteka maji, watoto wa shule, wazee wa kwenda kumzika mtu kijiji cha pili. Siku za karibuni wakaanza kuja wengine pia: vijana kutoka mjini wenye kamera, walimu na madarasa yao, siku moja hata bwana na bibi harusi na gauni lake jeupe, ambalo silizungumzii lilivyorudi.

Sasa kisa. Mwaka jana mwezi wa Julai niliombwa kuwatembeza wanafunzi 31 wa shule moja ya msingi. Nimefundisha jiografia maisha yangu yote, na mtoto anayeijua delta ya Nile kwa picha ilhali hajawahi kuona mto unavyopinda nyuma ya kwao huniuma sana. Tulikwenda taratibu. Tukasimama kwenye kijito kinachoingilia Zigi, nikawaonyesha jinsi maji mawili ya rangi mbili yanavyokaa ubavu kwa ubavu kabla ya kuchanganyika. Hapo akatokea bwana mmoja mwenye sare, na daftari kwapani. Akauliza kibali. Kibali cha nini? Cha kuwa ndani ya mita 60. Nikamwambia sisi tunatembea tu. Akajibu kwamba sheria imekataza shughuli zote za kibinadamu ndani ya mita 60 za mto, na kutembea ni shughuli, na nyinyi ni binadamu. Mantiki yake sikuweza kuipinga mbele ya watoto. Tukageuza. Mtoto mmoja akaniuliza kama na mbega wana kibali.

Simtaji bwana yule wala ofisi yake, kwa sababu naamini hakuwa na nia mbaya. Alipewa maneno nusu akayatekeleza yote. Nilizunguka ofisi tatu kutafuta hicho kibali. Ya kwanza ilinituma ya pili, ya pili ya tatu, ya tatu ikaniambia hakipo na haijawahi kukitoa. Kinachodaiwa porini hakipatikani mezani. Hapo ndipo tulipokwama, na tangu siku ile walimu wameogopa, na njia imeanza kufungwa na magugu.

Nilirudi nyumbani nikasoma sheria yenyewe, jambo ambalo wastaafu tuna muda nalo. Ni Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, namba 20 ya mwaka 2004, kifungu cha 57. Mita 60 zimo, kweli. Lakini kinachokatazwa humo ni shughuli za kudumu, au zile ambazo kwa namna zilivyo zinaweza kuathiri hifadhi ya ukingo. Kujenga ni kudumu. Kulima kunaathiri, na mjomba wangu alijifunza hilo kwa migomba yake. Kuchoma tofali, kuchimba mchanga, kuosha pikipiki na mafuta yake mtoni, yote hayo nakubali na namshukuru aliyeandika. Mtu anayepita kwa miguu, akasimama akamtazama ndege, akaendelea, amejenga nini? Kifungu hichohicho kinampa Waziri mamlaka ya kutoa miongozo ya shughuli zinazoweza kufanyika maeneo hayo. Maana yake waliotunga sheria walijua zipo zinazoweza kufanyika.

Na tusiende mbali. Panda huohuo mto mpaka juu, mpaka Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani. Ule ni msitu wa kulindwa kwelikweli, umetangazwa tangu 1997, una viumbe ambao hawapo kwingine duniani. Watu wanatembea humo! Kuna njia zenye vibao, kuna vijana wa vijijini waongoza wageni, na langoni Zigi, pale ilipokuwa stesheni ya reli ya Mjerumani, unalipa, unapewa risiti, unaingia. Kwa hiyo juu, kwenye chanzo penyewe, mgeni anakaribishwa. Chini, kwenye ukanda ambao kijiji kimeufuga kwa mikono, mwenye kijiji anafukuzwa kama mchoma mkaa. Maji ni yaleyale.

Kuna hoja nimeisikia kwa watu wa heshima, kwamba watu wakizuiwa kabisa msitu utapona haraka. Naielewa. Ila mimi nimeona kinyume chake kwa macho. Mapema miaka ya 2000 ilipotoka habari ya dhahabu kule Sakale, wachimbaji walivamia vyanzo vya maji, na huku chini tuliijua habari kwa rangi ya mto kabla haijafika kwa maneno. Aliyeijua ni nani? Mwenye kupita. Mama anayeteka maji saa kumi na mbili asubuhi ndiye mlinzi wa kwanza wa mto, na halipwi posho. Shoka linasikika mbali, lakini lazima liwepo sikio. Tangu njia yetu ipoe, kamati ya maliasili ya kijiji imekuta visiki viwili vipya vya mvule. Njia ilipokuwa na watu, hakuna aliyethubutu kubeba gogo mchana, angekutana na shemeji yake.

Hata kiti chako kina historia ya kutembea. Baron Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mkuu wa wilaya ya Tanga enzi za Wajerumani, alipeleka kwao ua dogo la zambarau linaloota kwenye miamba yenye kivuli ya upande huu wetu. Mwaka 1893 likaandikwa rasmi na kupewa jina la ukoo wake, Saintpaulia, na leo limejaa kwenye vyungu madirishani Ulaya na Marekani. Sina la kumsifia mkoloni. Nasema tu kwamba ua lile ni fupi kuliko kiganja, na kwenye gari hulioni.

Sitaki udhani naomba njia iachwe ovyo. Njia mbaya inaharibu mto kuliko shamba. Ikishuka wima kwenye mteremko, masika moja inageuka mfereji, na udongo wote unaishia Mabayani. Inatakiwa ikate mteremko kwa ubavu, iwe na ngazi za mawe panapoporomoka, na kila hatua kadhaa gogo la kukingama liyatoe maji pembeni. Panapotota yawekwe mawe ya kukanyagia. Mwezi Machi hadi Mei ifungwe kabisa, maana hapo hata mbuzi anateleza. Kazi hizi tunaziweza wenyewe kwa msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kujitolea, tulijenga darasa kwa msaragambo. Tunachokosa ni ruhusa ya kushika jembe mahali ambapo jembe limekatazwa, na hapo nakiri bwana mwenye sare anayo hoja.

Kuhusu fedha, niseme kwa kifupi kwa kuwa ndiko kila jambo huharibikia. Kijiji kilianza kutoza mgeni shilingi 2,000, mwanafunzi bure, kwa daftari na stakabadhi. Tukaambiwa fedha ya umma lazima ipitie kontro namba, ile namba ya malipo ya serikali. Sawa, ila bondeni kule simu haishiki mtandao mpaka upande juu ya kichuguu, na hata hapo kwa bahati. Tupangiwe utaratibu unaojua kwamba kuna vilima.

Ninachokuomba kiko ndani ya uwezo wako. Waite kwenye meza moja watu wa mazingira, wa bonde la maji, wa misitu, wa halmashauri na wenyeviti wa vijiji vya kando ya Zigi, siku moja tu. Watoke na waraka mmoja wa ukurasa mmoja, uliogongwa mhuri, unaosema kinachokatazwa ndani ya mita 60 ni hiki, na kupita kwa miguu kwenye njia iliyotengenezwa na kijiji si miongoni mwake. Tutaulaminisha, tuubandike kwenye bati pale njia inapoanzia. Bwana mwenye sare akija nitamwonyesha kwa kidole, kisha nimkaribishe kahawa.

Mkutano ukiwezekana ufanyike Septemba, kabla ya vuli, na ufanyike huku. Jamaa zetu mna magari mazuri, lakini yataishia shuleni. Kutoka pale ni dakika 40 kwa mguu, wazee tunakwenda kwa saa nzima. Vaeni viatu vya kufunga, siafu hawajui cheo. Watoto 31 wale sasa wako darasa la saba na nimewaahidi kwamba safari yao haijaisha; ilikatika kwenye kijito, pale maji mawili yanapokutana. Bado kama kilomita moja na nusu hadi mwisho wa njia.

Wako katika kazi,
Mwalimu mstaafu, Muheza

Nakala: Mwenyekiti wa kijiji (anayo habari, ndiye aliyenisomea rasimu na kuniambia niondoe matusi).