Barua ya wazi kwa Inspekta Jenerali: askari wa maandamano ajulikane

Kwa Bw. Douglas Kanja,
Inspekta Jenerali wa Polisi,
Jogoo House, Nairobi.

Afande,

Nakuandikia nikiwa mtoto wa polisi. Nimelelewa katika nyumba za polisi, na nusu ya watu ninaowaita mjomba na shangazi nilikutana nao humo. Usinisome kama adui wa sare. Ombi langu ni moja: kila askari anayetumwa kusimamia maandamano avae sare, asijifunike uso, na jina lake au namba yake ya kazi isomeke kifuani.

Najua kazi yenyewe ilivyo. Tarehe 25 Juni 2024, siku wabunge walipopitisha Mswada wa Fedha uliopingwa kwa sababu ya kodi mpya, umati wa waandamanaji uliwazidi askari nguvu ukaingia Bungeni, na sehemu ya jengo ikashika moto. Mwaka mmoja baadaye, siku ya kumbukumbu, mahakama ya Kikuyu iliteketezwa, vituo vya polisi vikavamiwa, na katikati mwa Nairobi wenye maduka wakabaki kuokota vioo. Konstebo wa miaka 24 aliyeamshwa usiku wa manane, akapakiwa kwenye lori, akasimamishwa barabarani hadi jioni bila chakula huku mawe yakigonga ngao yake, si mtu wa kubezwa. Akirudi anakuta chumba ambacho pengine anagawana na familia nyingine kwa pazia. Kikosi kazi cha Jaji Mkuu mstaafu David Maraga kiliyasema makazi hayo duni katika ripoti yake ya 2023, na anayetaka kujua hasira za askari wetu zinatoka wapi angeanza kwa kuisoma. Ila mtu mwenye hasira akipewa bunduki na kuruhusiwa kujifunika uso, hatuzungumzii tena mazingira ya kazi.

Baba alikuwa konstebo katika mji mdogo wa Bonde la Ufa. Kabla ya zamu ya usiku alikuwa akiketi kwenye kibao mlangoni, akisugua namba yake ya begani kwa kitambaa mpaka ing'ae. Siku moja mama muuza nyanya alikuja hadi langoni akaitaja namba hiyo bila kukosea tarakimu hata moja, akasema mwenye nayo amemwaga nyanya zake. Baba aliitwa na mkuu wa kituo, akajieleza, akalipa. Hakufurahi hata kidogo. Lakini soko lote lilijua kwamba kuna pa kupeleka malalamiko, na nadhani ndiyo maana Januari 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, vijana walipoweka magogo barabarani na mapanga mkononi, walikuwemo waliomwita kwa jina lake wakampisha apite. Alifika nyumbani salama na bunduki yake haikulia.

Sasa tazama yaliyotokea Nairobi. Tangu Juni 2024 tumewaona wanaume wenye jinzi, kofia na barakoa wakishuka kwenye magari yasiyo na nembo, bastola mkononi, na hakuna raia anayeweza kusema kwa yakini ni akina nani. Tarehe 17 Juni 2025 mambo yaliharibika zaidi. Makundi ya vijana wenye rungu na mijeledi, wengine juu ya pikipiki, yaliwashambulia waandamanaji katikati ya jiji ilhali askari wenye sare walikuwa hapo hapo. Mwenye duka akimwona mtu wa jinzi anamkimbilia na silaha, afanye nini? Akimfungia mlango, huenda amemfungia askari. Akimfungulia, huenda amemfungulia mporaji. Askari wa kituo kingine naye hana namna ya kutofautisha, na ipo siku mtampiga risasi mwenzenu mkidhani ni jambazi. Mnasema mnataka utulivu, na utulivu unaanza pale ambapo kila mtu barabarani anajua nani ni nani.

Sheria haina utata. Jedwali la Sita la Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi linamtaka askari mwenye sare awe na jina au namba ya kazi mahali panapoonekana. Agosti 2024 Mahakama Kuu ikaamuru askari wanaotumwa kwenye maandamano wajulikane. Ilipofika Saba Saba, siku ya kukumbuka maandamano ya 1990 ya kudai vyama vingi, tarehe 7 Julai 2025, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu (KNCHR) bado iliripoti watu waliojifunika nyuso, wasio na sare, wakizunguka katika magari yasiyotambulika. Siku hiyo barabara za kuingia jijini zilifungwa, Bunge likazungushiwa seng'enge, na tume hiyo ikahesabu zaidi ya watu 30 waliouawa nchini. Mmoja wao alikuwa msichana wa miaka 12, aliyefikwa na risasi akiwa nyumbani kwao Kiambu. Hakuwa ameandamana popote.

Niruhusu nikae kidogo kwenye vifo viwili, kwa kuwa vinaonyesha ninachokisema kuliko hoja yoyote.

Rex Masai alipigwa risasi jijini tarehe 20 Juni 2024, katika siku za mwanzo kabisa za maandamano. Uchunguzi wa kifo chake ulifika mahakamani Milimani, na swali lililowaumiza watu vichwa lilikuwa moja: nani hasa alifyatua? Boniface Kariuki alikuwa akichuuza barakoa tarehe 17 Juni 2025 alipopigwa risasi ya kichwa kwa karibu. Alifariki mwisho wa mwezi huo. Kamera zilinasa tukio lote, askari wawili wakakamatwa, kisha mmoja akashtakiwa kwa mauaji. Kesi hiyo iko mbele ya mahakama na si yangu kuihukumu. Ninachokiona ni kwamba familia moja ilipata mtu wa kuulizwa kwa sababu kamera ilikuwa karibu, na nyingine ikabaki kungoja. Haki ya mtoto wa mtu haiwezi kutegemea kama kulikuwa na mpita njia mwenye simu yenye chaji.

Mwanablogu Albert Ojwang alipofariki akiwa mikononi mwa polisi katika kituo cha Central, Juni 2025, tuliambiwa kwanza kwamba alijigonga kichwa ukutani. Upasuaji ukaonyesha kwamba shingo ilikabwa, na kwamba majeraha yale si ya mtu kujitia mwenyewe. Ulisimama mbele ya Seneti ukaomba radhi kwa taarifa ile. Nilikusikiliza na nilikuheshimu kwa hilo, kwa maana si jambo jepesi kwa mtu wa cheo chako. Nadhani unajua pia lililoigharimu Huduma: tangu siku ile, polisi wakisema jambo, hata likiwa kweli tupu, watu wanangoja daktari aseme.

Kuna kingine kinachonitia hofu kwa ajili ya vijana wako. Tarehe 26 Juni 2025 Waziri wa Usalama wa Ndani, Kipchumba Murkomen, alisema hadharani kwamba atakayesogelea kituo cha polisi apigwe risasi. Wiki mbili baadaye Rais akasema anayechoma biashara za watu apigwe risasi ya mguu, aende hospitali, kisha kortini. Kifungu cha 245 cha Katiba kinasema agizo lolote la waziri kwako liwe la maandishi, na kwamba hakuna mtu wa kukuelekeza jinsi ya kutekeleza sheria dhidi ya mtu fulani. Je, uliandikiwa? Maana Jedwali lile lile la Sita linasema kutii amri ya mkubwa si kinga kwa aliyetumia nguvu kinyume cha sheria. Wanasiasa watasema kwenye vipaza sauti na kuondoka. Atakayepanda kizimbani ni konstebo, na mama yake ndiye atakayeuza ng'ombe kulipa wakili.

Najua hoja ya maafisa wako, kwani nimeisikia kwa askari ninaowapenda. Wanasema wakivaa majina watasakwa mitandaoni, namba zao za simu zitasambazwa, watoto wao watatishwa shuleni. Hofu hiyo ni ya kweli na sitaidharau. Yametokea. Lakini sheria imeruhusu namba ya kazi badala ya jina. Mtu wa mtandaoni akiisoma namba hiyo haimpeleki nyumbani kwa askari. Inampeleka kwenye daftari la zamu, na daftari hilo mnalo ninyi, nayo IPOA, mamlaka huru inayowasimamia polisi, inaweza kuliomba. Anayetishia familia ya askari akamatwe na ashtakiwe kwa sheria zilizopo. Barakoa haikumlinda askari yeyote na jiwe. Ilichofanya ni kuwapaka tope wale waliosimama kwa haki siku nzima, kwa kuwa hatuwezi kuwatenga na waliofyatua.

Siku ile ile Bunge lilipovamiwa, kikosi cha kwanza cha askari wetu kilitua Port-au-Prince, Haiti, kwenda kusaidia kupambana na magenge. Tuliwatazama wakishuka kwenye ndege wakiwa na sare na bendera ya Kenya, mbele ya kamera za dunia, na wengi wetu tuliona fahari. Sielewi kwa nini Mkenya wa Moi Avenue asipewe askari wa namna hiyo.

Afande, uliwahi kuongoza GSU, kikosi cha polisi cha kutuliza ghasia, kwa hiyo hakuna atakayekwambia hujui uwanja. Uchaguzi wa Agosti 2027 unakuja, na mikusanyiko itaongezeka, ile ya kisiasa na ya vijana wasio na chama. Kabla ya hapo toa amri ya kudumu yenye sahihi yako: hakuna kutumwa kwenye maandamano bila sare na namba inayosomeka, hakuna gari bila nambari ya usajili, na kamanda atakayemruhusu mtu wake kujifunika uso ajibu yeye mwenyewe. Isomwe kwenye gwaride la asubuhi katika kila kituo, kuanzia Lodwar hadi Lunga Lunga, na nakala ichapishwe magazetini ili sisi wananchi tuwe nayo mkononi siku tutakapotoka kuandamana chini ya Kifungu cha 37. Na kila bunduki inayotoka ghalani iandikwe pamoja na namba ya aliyeichukua na idadi ya risasi, jioni zihesabiwe, na upungufu wowote upelekwe IPOA bila kungoja video isambae.

Nangoja kuiona amri hiyo.

Kwa heshima,
Mtoto wa konstebo mstaafu, Nakuru